Hasla alihamia Ikulu, haso ikabaki Jogoo Road

Watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wakikutana baada ya kupotezana muda mrefu huulizana: "Siku hizi unahaso wapi?" Swali hili lina adabu kuliko linavyosikika. Muulizaji angeweza kusema "unafanya kazi wapi," lakini hapo angekuwa ameshachukulia kwamba kazi ipo, kwamba ina jina, na kwamba mwenziwe hataona haya kulitaja mbele za watu. "Unahaso wapi" humwachia mtu nafasi ya kupumua. Anaweza kujibu "niko Gikomba" asiseme kama ana kibanda chake au anabeba marobota ya wenye vibanda. Anaweza kusema ana kahaso kadogo Kariobangi Light Industries, na mstaarabu hatamchimba zaidi. Hata aliyemaliza mwezi bila kushika noti ana jibu lisilomvunjia heshima: "Nahaso tu, bro." Ile "tu" inatosha. Msikilizaji ataelewa, na kama ana mia mbili mfukoni pengine atazitoa bila kuombwa.

Neno lenyewe ni Kiingereza cha mitaani. Likichorwa ubavuni mwa matatu huja na herufi zake za ugenini, hustle. Likitoka kinywani mwa mtu wa Jericho au Dandora ni haso, mwenye kuifanya ni hasla, na wakiwa wengi ni mahasla. Waingereza walilipata kwa Waholanzi katika karne ya 17, kwa maana ya kutikisa. Palikuwa hata na mchezo wa kamari ambapo sarafu zilitikiswa ndani ya kofia kabla ya kumwagwa. Kutoka kutikisa likawa kusukumana, kupigana vikumbo. Wamarekani ndio waliolitia pesa, na kwao halikuwa neno safi. Katika karne ya 19 lilimhusu mwizi kabla halijapanuka kumhusu pia mchapakazi asiyetulia. Katika karne ya 20 likawaingiza makahaba, wacheza kamari na wauza bangi. Malcolm X, katika tawasifu iliyotoka mwaka 1965, ana sura nzima yenye kichwa "Hustler", na habari zake ni za uhalifu wa Harlem. Miaka minne kabla ya hapo Paul Newman alikuwa ameigiza filamu yenye jina hilohilo, akiwa mcheza pool anayejifanya hajui mchezo ili awale watu pesa zao.

Basi Mmarekani aliweza kumhaso mtu, yaani kumtapeli. Neno lilipofika Eastlands likakataa kazi hiyo. Hapa mtu anahaso rent, anahaso fare, anahaso fees za watoto. Kinachofuata kitenzi ni kile kinachotafutwa. Aliyetapeliwa atakwambia "nimechezwa," na aliyemcheza ni konmani. Hakuna atakayempa jina la hasla, labda kwa kejeli. Hili si jambo dogo. Neno lililozaliwa likinuka hila lilipokewa mtaani likasafishwa, likapewa heshima ambayo wenyewe huko lilikotoka hawakuwa wamelipa kwa karne nzima. Mpwani asiyekijua Kiingereza akilisikia anaweza hata kudhani ni jamaa ya hasili, neno letu la Kiarabu lenye maana ya matokeo au pato, na sidhani angekuwa amepotea mbali.

Halafu kuna jambo ambalo wasomi wa Sheng wangefurahi nalo. Kiingereza kina neno jingine, hassle, maana yake usumbufu. Mwingereza hutofautisha maneno haya mawili kwa irabu ambazo Kiswahili hakina. Kwetu zote mbili ni "a". Kwa hiyo hustle na hassle yakifika Jogoo Road yanakuwa neno moja, haso, na ni muktadha tu unaotenganisha jasho na kero. "Niko kwa haso" ni riziki. "Kupata kitambulisho ni haso" ni foleni, barua ya chifu, na karani anayekwambia urudi Jumatatu. Na hapo ndipo mtu anapoweza kuwa shamirisho la kitenzi: "Usinihaso" maana yake ni niache, usinisumbue.

Kwa mchuuzi wa Muthurwa maana hizo mbili hukaa kwenye sentensi moja. Yeye anahaso, kanjo wanamhaso. Kanjo, kwa msomaji wa mbali, ni askari wa jiji, kutokana na lile baraza, council, lililokufa mwaka 2013 serikali ya kaunti ilipochukua mahali pake. Baraza likazikwa, jina likabaki kwa askari, kwa sababu lori walilokuja nalo, rungu na mzigo uliotupwa nyuma ya lori vilibaki vilevile. Mchuuzi mwenye uzoefu hupanga nyanya zake juu ya gunia lenye kamba kwenye pembe nne. Akisikia mluzi wa wenzake anavuta kamba, gunia linakuwa mfuko, na mfuko unakuwa mgongoni kabla lori halijakata kona. Ukimuuliza baadaye siku ilikuwaje atakujibu "haso tupu," na huwezi kujua anasema lipi kati ya hayo mawili. Nadhani hata yeye hajali.

Eastlands haikujengwa kwa ajili ya watu wa kuhaso. Ilijengwa kwa ajili ya watu wa kazi. Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jerusalem, Jericho: mitaa hii ya zamani ilikusudiwa vibarua na makarani wa reli, wa baraza la jiji, wa viwanda vya upande wa pili wa reli. Mwafrika alikuwa na haki ya kuwa Nairobi ikiwa kuna mwajiri aliyemwandika, na kipande alichovaa shingoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndicho kilichokuwa na maelezo ya ajira hiyo. Asiyekuwa na mwajiri alikuwa mzururaji kwa mujibu wa sheria, na mzururaji alikamatwa. Aprili 24, 1954, jeshi la Uingereza lilipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwapitisha maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye mchujo, karatasi ya mwajiri ilikuwa kati ya vitu vilivyoweza kumwokoa mtu asipandishwe lori la kizuizini. Wazee waliokulia huko walizoea kutambulishana kwa mwajiri: fulani wa Reli, fulani wa Posta, fulani wa East African Breweries. Ukilinganisha na "niko na kahaso," utaona umbali uliotembewa kwa vizazi viwili.

Kiswahili chenyewe kiliwahi kuwa na neno la kuwatosha watu hawa. Mafundi wa Kamukunji waliofua masanduku, karai na majiko chini ya anga tupu waliitwa jua kali, na jina likapanda hadi serikalini. Shirika la Kazi Duniani lilikuja Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ripoti yake ya mwaka 1972 ndiyo iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Miaka 20 baadaye, waraka wa sera namba 2 wa mwaka 1992 ulichapishwa kwa Kiingereza ukiwa na maneno "jua kali" kwenye kichwa chake. Wakati ule Kiingereza cha serikali kilikopa kwa mtaa. Leo ni mtaa unaokopa Kiingereza, kisha serikali inakuja kukopa mkopo.

Ila jua kali lilihitaji fundi. Nyundo, bati, ujuzi. Katika miaka ya 1990, marekebisho ya uchumi yaliyoshinikizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa yalipowapunguza watumishi wa umma kazini, mitaa ilijaa watu wasiokuwa mafundi wala wafanyakazi. Vijana wenye vyeti vya kidato cha nne na hata digrii walisema "wanatarmac": wanaipiga lami kwa miguu toka ofisi hadi ofisi wakiwa na bahasha ya kaki kwapani. Lilikuwa neno zuri lakini lilikuwa na kasoro, kwamba lilisubiri. Anayetarmac bado anaamini mlango upo mahali, ni yeye tu hajaufikia. Miaka hiyohiyo rap ya Marekani ilivuma kwenye matatu, na Dandora ikawatoa kundi la Kalamashaka, waliothibitisha kwamba yanayosemwa Bronx yanaweza kusemwa kwa Kiswahili cha huku. Haso ilikuja na upepo huo. Anayehaso ameshaacha kuusubiri mlango.

Sasa haso ina ngazi zake, na mtu wa mtaani huzisikia kama mwanamuziki anavyosikia noti. Kazi ina payslip. Kibarua kina mwisho, mara nyingi jioni ileile. Mjengo ni kibarua cha saruji na mawe, na mtu hutaja mjengo kama anavyotaja mahali: "niko mjengo." Dereva asiyekuwa na matatu yake ya kudumu hungoja stejini apewe skwodi, raundi mbili tatu huku mwenye gari akila. Vyote hivyo vinaweza kuitwa haso, lakini haso yenyewe ni pana zaidi, ni ule mchanganyiko: skwodi asubuhi, kuuza simu ya rafiki mchana kwa kamisheni, kumsaidia mtu kuhama nyumba jioni. "Leo haso imekataa," husema mtu siku ilipoisha bila kitu. Au: "Leo imejipa." Angalia kwamba katika sentensi zote mbili haso ndiyo yenye uamuzi. Imekataa yenyewe, imejipa yenyewe. Mtu alikuwa pale tu.

Gikomba ina msamiati wake ndani ya msamiati huu. Robota la mitumba likifunguliwa alfajiri, nguo za daraja la kwanza huitwa kamera, na wanaozichukua ni wale wenye mtaji na jicho kali, watakaozipiga pasi na kuziuza madukani kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Zinazobaki chini mwisho kabisa ni fagia. Kuna mahasla wa kamera na mahasla wa fagia, na ingawa wote wanajiita jina moja, hawali sahani moja.

Mathare na Huruma vijana wengi walianzia kwenye taka. Kikundi cha kona moja, beizi kama wanavyoiita, kinagawana majengo, kila kaya inalipa kiasi kidogo kwa wiki, mifuko inabebwa hadi kwenye jalala, na chupa na vyuma vinachambuliwa kando kwa ajili ya kuuzwa. Mwanajiografia Tatiana Thieme aliwafuata vijana hawa kwa miaka mingi, na mwaka 2018 akachapisha makala iliyoupa utaratibu huu jina la uchumi wa hustle. Alichokiona, na ambacho mtu wa beizi angekwambia bila kwenda chuo kikuu, ni kwamba haso ina mipaka na wenyewe. Jengo fulani ni la beizi fulani. Kuliingia bila ruhusa ni kuchezea haso ya mtu, na hilo ni kosa linalotatuliwa kwa mazungumzo marefu, au kwa ngumi. Taka zote hizo, za Mathare na za Buruburu pia, huishia Dandora, kwenye jalala lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Robo karne imepita, malori bado yanapanga foleni, na juu ya kilima hicho kuna watu wengi wanaokwambia wako kwa haso.

Siku hizi kuna ya mtandaoni pia. Kijana wa Umoja au Kayole anakesha na kompyuta akiandika insha za wanafunzi wa Marekani, akinakili mahojiano, au akichambua picha na maneno ili mashine za akili mnemba zijifunze. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosafishia kampuni ya OpenAI maandishi ya kutisha walikuwa wakilipwa chini ya dola mbili kwa saa. Mama akiuliza mwanawe anafanya nini chumbani usiku kucha, jibu ni "haso ya online, mathe," na mambo yanaishia hapo. Pengine ni heri. Yaliyokuwa kwenye skrini hayakuwa ya kumsimulia mzazi.

Hapa ndipo ninapoanza kulitilia neno hili shaka. Ukarimu wake wa kutouliza maswali una gharama. Kijana anayerudi na simu nne ambazo si zake naye ametoka kwa haso. Karani anayekuomba "kitu kidogo" ili faili lako lipatikane atakwambia kila mtu anahaso. Askari wa barabarani, dalali wa nyumba hewa, mwanasiasa mwenye zabuni: wote wamejifunza kujificha chini ya mwavuli ulioshonwa kwa ajili ya mbeba mizigo. Neno linalomsitiri maskini humsitiri na mwenye kumla maskini.

Aliyeusoma mwavuli huo vizuri kuliko wote ni William Ruto. Baada ya Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga kupeana mkono Machi 9, 2018, naibu wa rais alijikuta nje ya meza, na akapata hadithi: kwamba Kenya haigawanyiki kwa makabila bali kwa mahasla na nasaba za watawala. Uhuru ni mwana wa rais wa kwanza, Raila alikuwa mwana wa makamu wa rais wa kwanza. Yeye aliuza kuku kando ya barabara kule Uasin Gishu. Kwamba msimuliaji alikuwa tayari tajiri, na amekuwa ndani ya serikali kwa miaka, hakukuharibu utamu wake. Chama chake cha UDA kikachukua wilibaro kuwa alama yake na "Kazi ni Kazi" kuwa kaulimbiu. Agosti 2022 alishinda urais kwa asilimia 50.49.

Nairobi yenyewe, mji wa mahasla kuliko yote, ilimpa Raila kura nyingi zaidi, ingawa ilimchagua Johnson Sakaja wa UDA kuwa gavana. Wachambuzi walieleza kwa hesabu za makabila. Mimi ningeongeza jambo moja la sarufi. Mtaani watu walikuwa wakisema "nahaso," kitenzi, jambo ninalolifanya leo na ninalotarajia kuacha kulifanya. Kampeni ikalifanya nomino: wewe ni hasla, hilo ndilo tabaka lako, ndilo taifa lako, pokea fulana. Ni wachache wanaohaso wanaotaka kuwa mahasla daima. Ndoto ya kila mmoja wao ni kuomoka, kutajirika, na aliyeomoka hahaso tena.

Novemba 30, 2022, serikali mpya ilizindua Hustler Fund, hazina iliyoahidiwa shilingi bilioni 50. Ulibonyeza *254# kwenye simu na ukakadiriwa kiwango kati ya shilingi 500 na 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka, urejeshe ndani ya siku 14. Riba ilikuwa nafuu kweli, na anayesema vinginevyo hajawahi kukopa kwenye programu za simu. Lakini wengi mtaani walianza na 500, na asilimia 5 ilikatwa kuwekwa akiba, kwa hiyo mkononi zikafika 475. Riba ya siku zote 14 ni kama shilingi moja na senti hamsini. Hesabu nzuri, lakini 475 hainunui robota, hainunui hata kona ya robota. Inanunua unga, mafuta ya kupikia na sukuma wiki ya siku chache. Watu walikopa, wakala, na utani ukaanza.

Utani uligeuka hasira Juni 2024, mswada wa fedha ulipopendekeza kodi mpya hadi kwenye mkate. Juni 25 vijana waliingia Bungeni, waandamanaji wakauawa kwa risasi, na kesho yake rais akatangaza hatatia sahihi. Kwenye mabango hakuitwa hasla tena. Aliitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, na akaambiwa ashuke mtini. Tangu hapo, mtu wa Eastlands akitamka "hasla" sauti hupanda kidogo mwishoni, kama anayenukuu mtu mwingine. Kitenzi hakikupata doa. Alfajiri bado watu wanajazana kwenye matatu za Jogoo Road wakienda kuhaso, na hakuna anayeona kwamba amesema lolote la siasa.

Ila nikisikiliza vizuri, sauti nyingi zinazosema haso ni za wanaume. Nenda Eastleigh asubuhi uwaone wanawake waliotoka Mathare kwa miguu, wameketi kando ya barabara wakingoja mwenye nyumba atokee na kusema ana nguo za kufua. Wengine wana mtoto mgongoni. Bei hupatanwa papo hapo, na anayesita sana hupitwa na wa kando yake. Kampeni zilimpandisha cheo mama mboga akawa nguzo ya taifa la mahasla, akawekwa kwenye kila hotuba pamoja na mtu wa boda. Yeye mwenyewe, na wale wa Eastleigh, ukiwauliza hawatasema wanahaso. Watasema "natafutia watoto," au "natafuta" pekee, neno ambalo nyanya zao walilitumia Majengo na Shauri Moyo kabla yeyote hajasikia rap, na ambalo mpaka leo sijaliona kwenye fulana ya kampeni.